Roma, Cal J au Rio Grande? Nyanya zinazofanana kwenye bustani ya pwani

Pakiti tatu za mbegu, picha tatu za nyanya nyekundu zenye umbo la yai, na kwenye kila moja herufi VF, alama ya kukinza magonjwa mawili ya udongoni. Mkulima wa Arusha au Iringa anaweza kuchukua yoyote kati ya hizo na asijute sana. Mkulima wa Tanga, Bagamoyo, Kilifi au Unguja hawezi kujiachia hivyo, kwa sababu usiku wa joto na hewa nzito ya pwani huzichambua aina hizi kuliko picha yoyote ya pakiti.

Tunazungumzia mbegu za kawaida, zile wanazoziita OPV: unavuna, unakamua mbegu, unapanda tena, na unapata nyanya ileile ya mwaka jana. Ndizo zinazoweza kurithishwa kutoka mkono hadi mkono. Chotara zenye alama F1 zina sifa zake, lakini ukikamua mbegu zake uzao hutawanyika, kila mche na tabia yake. Mbegu za kawaida utakazozikuta mara nyingi kwenye maduka ya pembejeo ya Tanzania na Kenya ni Roma VF, Cal J, Rio Grande, Money Maker, Marglobe, Tanya na Tengeru 97. Kuzichagua kwa pwani kunategemea maswali mawili: ua linafanya nini usiku wa joto, na mzizi unakutana na nini ardhini. Ladha na umbo vifuate baadaye.

Usiku ndio unaoamua

Ua la mnyanya lina dume na jike mahali pamoja. Vifuko vya chavua vimeshikana kuwa koni ya njano, na ncha ya jike imo ndani ya koni hiyo. Mnyanya hupenda usiku wa nyuzijoto 15 hadi 20. Usiku ukipita nyuzijoto 21, matunda yanayoshika huanza kupungua. Ukikaribia 25 huku mchana ukipita 32, chavua nyingi huwa tasa. Ubaya zaidi ni kwamba chavua huharibika ikiwa bado inatengenezwa, zaidi ya wiki moja kabla ua halijafunguka. Ndiyo maana mvua moja ya kupoza hairudishi matunda siku ya pili yake. Inabidi usubiri maua yaliyokuwa machanga wakati wa ubaridi huo.

Sasa tazama kalenda. Dar es Salaam wakati wa kaskazi, Januari na Februari, usiku hubaki karibu na nyuzijoto 25 na mchana hufika 32. Julai na Agosti, kusi likivuma, usiku hushuka hadi 18 au 19 na mchana hauvuki sana 29. Mche uleule wa Cal J ulioangusha vishada vyote Februari utajaza matunda Agosti bila kuongezewa chochote. Anayelaumu mbolea au dawa Februari analaumu kisicho na kosa.

Kwa hiyo hesabu kuanzia kwenye ua, urudi nyuma. Ukitaka maua yafunguke kati ya katikati ya Julai na mwanzo wa Septemba, sia mbegu kitaluni kati ya tarehe 10 na 25 Mei, chini ya paa la kuzuia mvua za mwisho za masika. Miche hukaa kitaluni wiki 4. Pandikiza katikati ya Juni. Ua la kwanza litakuja baada ya wiki 4 hivi, na mavuno yataanza mwishoni mwa Agosti. Gramu moja ina mbegu kama 300, hivyo kwa bustani ya miche 30 huhitaji zaidi ya mbegu 45. Pakiti iliyobaki ihifadhiwe.

Chuma ua lililofunguka asubuhi hiyo, ulitazame kwa karibu. Ncha ya jike ikiwa imefichwa ndani ya koni, mambo ni mazuri. Ikiwa imechomoza nje milimita moja au mbili kama ulimi, joto limeirefusha na chavua haitaifikia kirahisi. Tazama pia kikonyo cha ua: kwenye aina nyingi kina kifundo katikati, na ua lililokataa kushika hugeuka njano kwenye kifundo hicho kabla halijadondoka. Ukiona njano hiyo kwenye vishada viwili mfululizo, tatizo ni joto au naitrojeni nyingi. Samadi mbichi ya kuku huleta ya pili: majani meusi manene, shina kama kidole gumba, na maua machache.

Unyevu wa pwani nao una lake. Hewa ikijaa maji, chavua hunatana ndani ya vifuko na haimwagiki. Nyuki wa asali hawajui kulitikisa ua la nyanya. Wanaojua ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Kama hawapo, fanya kazi yao: kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, umande ukishakauka, gonga mti wa kusimikia au kikonyo cha kishada kwa kidole, sekunde mbili zinatosha. Rudia kila baada ya siku moja. Kazi hii ni ndogo, lakini kwenye wiki zenye joto la wastani inaweza kuamua kama kishada kitabaki na matunda mawili au matano.

Tatu za umbo la yai

Roma, Cal J na Rio Grande zote ni nyanya fupi: mmea hufika kimo chake, hutoa maua kwenye ncha za matawi, kisha huacha kurefuka. Zote zilitokana na nyanya za kusindika, zenye nyama nene, maji kidogo na ganda gumu. Roma ilitoka Marekani, kwenye kituo cha Wizara ya Kilimo huko Beltsville, Maryland, katika miaka ya 1950, na Roma VF ni toleo lake lililoongezewa ukinzani. Zinatofautiana katika mambo ambayo pakiti haiyasemi.

Roma ndiyo yenye tunda dogo zaidi, kama gramu 60, na huivisha mzigo wake karibu wote kwa mkupuo. Kwa pwani hiyo ni faida kubwa: dirisha la ubaridi ni fupi, na mmea unaomaliza kazi haraka hauko shambani joto likirudi. Udhaifu wake ni majani. Madoa ya bakajani tangulia, ugonjwa wa ukungu wenye duara ndani ya duara, hupanda kutoka chini na kuuvua mche nguo kabla matunda hayajaiva, na jua linayachoma yakabaki na mabaka meupe.

Cal J ina tunda la gramu 70 hadi 80, lenye pande bapa kiasi cha kuonekana kama mraba. Ni gumu na linasafiri vizuri kwenye tenga, ndiyo maana wachuuzi wanalipenda. Kichaka chake kimejibana sana. Nyanda za juu zenye hewa kavu, kujibana huko kunafunika matunda dhidi ya jua. Pwani kunafuga umande hadi saa 4 asubuhi, na ukungu hauombi zaidi ya hapo. Ukiipanda kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45 iliyozoeleka bara, umeutengenezea ugonjwa nyumba. Iweke 75 kwa 60.

Rio Grande ina kichaka kikubwa zaidi, na tunda lake linaweza kufika gramu 100. Majani yake yamekaa kwa nafasi, upepo unapita. Husifiwa kwa kuvumilia joto, na hapa wengi hupotea. Kuvumilia mchana wa nyuzijoto 35 katika nchi kavu ambako usiku hupoa ni jambo moja. Kuvumilia usiku wa nyuzijoto 25 wenye jasho ni jambo jingine kabisa. Rio Grande ina sifa ya kwanza. Ya pili usiitarajie kwake.

Tukilazimika kuchagua moja ya kupandwa Juni katika bustani ya nyumbani pwani, tunachukua Rio Grande kwa sababu ya hewa inayopita kwenye kichaka. Aliyechelewa akapandikiza Julai achukue Roma. Cal J ni ya mwenye soko la mbali na eneo la kutosha.

Kuna kosa moja linalozikumba zote tatu: kuzipogoa kama nyanya ndefu. Mtu aliyezoea Money Maker huondoa kila chipukizi linalotoka kwenye kwapa la jani. Kwenye nyanya fupi, chipukizi hilo ndilo litakalobeba tunda, kwa hiyo umekata mavuno yako kwa mikono yako. Ondoa tu majani ya chini, sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, ili tope la mvua lisirushe vimelea juu, na ufunge matawi kwenye miti miwili ya mita moja.

Mbili za mviringo

Money Maker na Marglobe zikiwa sokoni kwenye fungu moja, ni wachache watakaozitenganisha. Asili zake, hata hivyo, ziko mbali. Money Maker ni ya Uingereza, ililelewa kwa ajili ya nyumba za vioo zenye ubaridi. Marglobe ilitolewa mwaka 1925 na Wizara ya Kilimo ya Marekani baada ya Fred Pritchard kuchanganya Marvel na Globe, wakati mashamba ya Florida yakiteketezwa na kutu ya matunda na mnyauko wa fuzari, ukungu wa udongoni. Moja ilikulia kwenye kioo, nyingine kwenye joto na unyevu unaofanana na wetu. Hilo lina maana udongoni: Marglobe ina ukinzani dhidi ya aina ya kwanza ya fuzari, Money Maker haina.

Money Maker ni ndefu, hupita mita 2, huhitaji kusimikwa na kupogolewa libaki shina moja au mawili, na huvunwa kwa miezi. Kuvunwa kwa miezi ni sifa njema mahali ambako joto halibadiliki. Pwani maana yake ni kwamba nusu ya pili ya maisha yake inaangukia Oktoba na Novemba, usiku ukiwa umeshapanda joto, na vishada vya juu vinabaki vitupu. Ukiipenda kwa ladha, na inastahili kupendwa, ikate ncha ikifikisha vishada 5, nguvu iende kwenye vilivyoshika. Marglobe huacha kurefuka mapema zaidi na haihitaji kukatwa.

Zote mbili hupasuka ganda. Mche ukikaa siku nne bila maji kisha mvua ya vuli ikashuka, tunda hunywa kuliko ganda linavyoweza kutanuka. Nyanya za umbo la yai hupasuka kwa nadra, ila zina balaa lao, ambalo tunalifikia baada ya kidogo.

Za nyumbani: Tanya na Tengeru 97

Hizi mbili zilitolewa Arusha mwaka 1997, kazi ya kituo cha utafiti wa mboga na matunda cha Tengeru pamoja na kituo cha kimataifa cha mboga kilichopo huko. Tanya ni fupi, yenye ganda gumu na tunda linalokaa muda mrefu baada ya kuchumwa. Tengeru 97 ina ukinzani dhidi ya minyoo fundo, wale wanaoifanya mizizi ijae vinundu kama tangawizi, na kwenye mchanga wa pwani minyoo hiyo ni adui wa kweli.

Ila ukinzani huo una sharti. Huanza kulegea udongo ukipita nyuzijoto 28, na mchanga mtupu unaopigwa na jua la Februari hupita hapo kirahisi. Weka matandazo ya nyasi kavu au makuti yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 5 hadi 8, mara tu miche ikishika. Bila matandazo, utakuwa umenunua ukinzani na kuuacha juani.

Herufi na mnyauko usioandikwa

V ni vertisili, F ni fuzari, N ni minyoo fundo. Vertisili na fuzari ni ukungu wa udongoni, na zote mbili hunyausha mmea. Tatizo linaanzia kwenye lugha yetu wenyewe: tunasema mnyauko, neno moja, kwa magonjwa matatu, na la tatu ni bakteria. Pakiti yenye VF haikupi kinga yoyote dhidi ya mnyauko wa bakteria, na huo ndio unaoua nyanya za pwani zaidi, kwa sababu hupenda udongo wa moto uliolowa. Katika zote saba tulizozitaja, usitegemee hata moja kwa hilo.

Kuzitenganisha ni rahisi. Mche wa fuzari huanza kwa majani ya chini kugeuka njano, mara nyingi upande mmoja wa tawi, na hufa polepole. Mche wa bakteria huanguka ukiwa bado kijani: mchana umelegea, jioni umeinuka kidogo, siku ya tatu haunyanyuki tena. Kata kipande cha shina cha sentimita 5 kutoka karibu na ardhi, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi yaliyotulia, ncha iliyokatwa ikigusa maji. Subiri dakika 5. Uzi mweupe kama maziwa ukiteremka taratibu kutoka kwenye shina, ni bakteria. Maji yakibaki safi bila uzi wowote, tafuta sababu nyingine.

Ukiuona uzi huo, ng'oa mche na udongo wake, uuchome, na usipande nyanya, mbilingani, pilipili, nyanya chungu, mnavu wala viazi mviringo hapo kwa miaka mitatu au zaidi. Mahindi, mtama au kunde vinafaa. Mnavu unaojiotea ung'oe pia, maana huhifadhi bakteria wakati wewe unadhani shamba limepumzika. Mwenye eneo dogo lisiloruhusu mzunguko ana njia mbili. Ya kwanza ni ndoo za lita 20 zenye matundu chini, zijazwe udongo kutoka mahali ambapo jamii hii haijawahi kupandwa.

Ya pili ni kubebesha nyanya juu ya mbilingani. Kituo cha kimataifa cha mboga kimekuwa kikifundisha njia hii kwa kutumia mbilingani EG203, wenye ukinzani dhidi ya mnyauko wa bakteria na unaostahimili maji yaliyotuama. Sia mbilingani siku 3 kabla ya nyanya, maana huota polepole. Mashina yakifika unene wa milimita 2, kata yote mawili kwa wembe safi kwa mshazari uleule, yaunganishe ndani ya kimpira laini cha sentimita moja, na uiweke miche gizani kwenye boksi lililofunikwa nailoni yenye unyevu kwa siku 2 au 3. Kisha ongeza mwanga kidogo kidogo. Kufikia siku ya 7 hadi 10 inaweza kutoka. Wakati wa kupandikiza, kiungo kibaki juu ya udongo. Sote tumezoea kuzika shina la nyanya ili litoe mizizi zaidi. Hapa ukilizika, nyanya itaotesha mizizi yake yenyewe na bakteria watapitia humo, kazi yote ikawa bure.

Rasta, ule ugonjwa wa majani kujikunja na mche kudumaa, haumo kwenye herufi hizo pia. Huletwa na inzi weupe, na mche ukiupata kitaluni hautazaa. Chandarua cha mbu peke yake kina matundu makubwa kwa inzi hao. Kikunje mara mbili, ukifukie pembeni kwa udongo, na usikifungue hadi siku ya kupandikiza.

Kitako kilichooza

Balaa la nyanya za umbo la yai ni hili: baka jeusi, kavu, lililobonyea, chini ya tunda. Roma na Rio Grande zinaongoza. Watu hukimbilia kununua chokaa, hata wale wa Unguja wenye udongo wa mawe ya matumbawe uliojaa chokaa tele. Ni kweli baka hilo hutokana na tunda kukosa madini ya chokaa, lakini madini hayo husafiri ndani ya mmea yakibebwa na maji, na ncha ya tunda refu ndiyo inayofikiwa mwisho. Maji yakikatika siku tatu, ncha haipati kitu. Maji ya kisima yenye chumvichumvi huleta matokeo yaleyale, kwa kuwa mizizi inashindwa kuyanywa. Mwagilia kila siku asubuhi, chini ya shina, lita 2 kwa mche ukishabeba matunda. Kama maji yako yana chumvi, chagua Marglobe badala ya zile tatu, na uvumilie michirizi michache ya kupasuka.

Rangi nayo huwachanganya watu. Tunda likiivia shambani kwenye joto linalopita nyuzijoto 30, wekundu haujengeki vizuri na nyanya hubaki na rangi ya chungwa. Mbegu haina kosa. Chuma tunda likianza tu kuona haya kwenye kitako, liache ndani ya nyumba penye kivuli na hewa, na baada ya siku 4 au 5 litakuwa jekundu kamili.

Tungule zinazojiotea

Karibu na majalala na mitaro ya jikoni, Unguja na Pemba kote, huota tungule ndogo zisizopandwa na mtu, saizi ya gololi au kubwa kidogo. Nyanya zenye tunda dogo hushika matunda kwenye joto ambalo Roma na Money Maker zimeshasalimu amri. Ladha yake ni kali, ganda lake linakwaruza, na hakuna mchuuzi atakayezibeba kwenye tenga. Kwa mchuzi wa Februari, hata hivyo, hakuna za kawaida zinazoshindana nazo. Kila bustani ya pwani ingepaswa kuwa na miche miwili.

Na hapo ndipo faida ya mbegu za kawaida inapoonekana. Msimu ukiisha, usikamue mbegu kutoka kwenye tunda kubwa kuliko yote. Tembea bustanini wiki ya joto kali zaidi, funga uzi kwenye kishada kilichoshika matunda wakati vya jirani vinadondoka, hakikisha mche huo hauna rasta wala dalili za kunyauka, na mbegu zitoke kwenye kishada hicho. Kamua kwenye kikombe pamoja na ute wake, acha saa 24 hadi 36. Kwa joto letu siku tatu ni nyingi, mbegu zitaanza kuchipua. Osha, zilizozama ndizo nzima. Zianike kivulini kwenye sahani, si kwenye karatasi zinakoganda, kwa siku 5, ukizigeuza. Zitie kwenye chupa ndogo yenye kifuniko cha kubana, pamoja na vipande vya mkaa mkavu vya kunyonya unyevu, na uandike juu jina la aina na tarehe ile uliyofunga uzi.